Sanduku la Maswali: Rimu, Kalamu na Kontena

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu vifaa vya ofisi na shajala vinavyosafirishwa kwa meli. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha katika bandari ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ninajua jinsi rimu moja ya karatasi inavyoweza kumtia hasara mtu ambaye hakuipima mapema. Nimechagua barua tano. Majina ya waandishi hatuyachapishi.

*Shikamoo mzee wangu. Nina duka la steshenari Kariakoo. Nataka kuagiza kutoka China katoni 200 za karatasi za A4, faili kubwa za ofisi 600 na kalamu za wino. Jirani yangu mmoja ananiambia nitumie ndege kwa sababu meli inachelewa, mwingine anasema nichukue kontena zima ili mzigo wangu usichanganywe na wa watu. Nishike lipi?*
Mfanyabiashara, Kariakoo

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuuliza bei, pima. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa takribani gramu 5, kwa hiyo rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5, na katoni ya rimu 5 ni kilo 12.5 kabla ya kuhesabu boksi lenyewe. Katoni zako 200 zitakaribia tani 2.6. Lakini ukizipanga sakafuni hazichukui nafasi kubwa, kwani katoni moja ina urefu wa takribani sentimita 31, upana wa 22 na kimo cha 27, na zote pamoja hazifiki mita 4 za ujazo, yaani CBM 4 kama tunavyosema sisi wa mizigo.

Sasa tazama zile faili 600. Faili kubwa ya ofisi, ile yenye mkono wa chuma ndani, imejaa hewa. Zikiwa 600 zitachukua zaidi kidogo ya CBM 4, ilhali uzito wake wote haufiki nusu tani. Una mizigo miwili yenye ujazo unaokaribiana, na mmoja unauzidi mwingine uzito kwa zaidi ya mara tano.

Jirani yako wa ndege hakulitazama jambo hilo. Shirika la ndege hulinganisha kilo halisi na kilo za ujazo, ambapo CBM moja huhesabiwa kuwa kilo 167, kisha hutoza kile kilicho kikubwa. Kwa karatasi utalipia kilo zote 2,600, na kwa faili utalipia hewa kana kwamba ni kilo 700 hivi. Katika mzigo wa meli unaochangia kontena, kanuni ni kutoza kwa CBM au kwa tani, lolote lililo kubwa, na kwa kuwa CBM moja ya karatasi ina uzito wa kilo 700 tu, karatasi yako italipiwa kwa ujazo. Bidhaa nzito kama karatasi inayouzwa kwa faida ndogo haistahili kupanda ndege hata kidogo. Kitu cha kukiangalia ni pini za stepla, kwa sababu ni chuma kilichobanwa, na hizo zinaweza kufikia tani moja kwa CBM au kuipita.

Kuhusu kontena zima, bado hujafikia huko. Mzigo wako na kalamu zake utakuwa CBM 8 au 9, na kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya takribani CBM 33, ingawa kwa katoni za kawaida ni vigumu kuvuka 28. Ukikaribia CBM 15 ndipo uombe bei zote mbili na kuzilinganisha. Siku utakayokua na kuagiza karatasi tupu, chukua la futi 20 na usidanganywe na unafuu wa lile la futi 40: CBM 67 za karatasi zingezidi tani 40, na hakuna kontena la kawaida linaloruhusiwa kubeba uzito huo, kwa hiyo utalipia nafasi usiyoweza kuijaza. Kontena la futi 40 linafaa kwa faili, viti na makabati.

Nikuonye jambo moja kuhusu kuchangia kontena. Wapo wakusanyaji wa mizigo wanaotoza bei moja kwa kila CBM, kuanzia ghala la China hadi mlangoni kwako, pamoja na ushuru. Ni rahisi, na wengi wa Kariakoo wameanza hivyo. Lakini mara nyingi mzigo huingia nchini kwa jina la mkusanyaji, nawe hupati tamko la forodha wala stakabadhi ya kodi yenye namba yako ya mlipakodi. Siku ukitaka kuiuzia taasisi inayodai risiti halali, au kudai kodi ya ongezeko la thamani uliyolipa wakati wa kuagiza, utakuwa mikono mitupu. Muulize mkusanyaji swali hilo kabla ya kumpa katoni hata moja, na kama hawezi kukutaja kwenye nyaraka, tafuta mwingine hata kama bei yake iko juu.

Mwisho, hesabu tarehe. Shule hufunguliwa Januari, na China hufunga viwanda kwa mwaka mpya wao ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Safari ya meli kutoka huko huchukua mwezi au zaidi, na bado kuna siku za kusubiri kontena lijae na siku za kutoa mzigo bandarini. Anayetaka madaftari na kalamu za Januari awe amelipa malipo ya awali Agosti au Septemba.

*Ndugu mwandishi, wakala wangu amenirudishia ankara ya muuzaji kwa sababu imeandikwa "vifaa vya ofisi" kwa mzigo wote, akidai itatuletea matatizo. Ni kweli, au anatafuta sababu ya kuongeza ada?*
Mgavi, Ilala

Ni kweli, na ukimshukuru hutakosea. Forodha haina bidhaa inayoitwa vifaa vya ofisi. Karatasi nyeupe ya kuchapia isiyopakwa utando iko katika kichwa, yaani fungu la orodha ya ushuru, cha 4802, madaftari na vitabu vya kumbukumbu 4820, kalamu za wino 9608, penseli 9609, mihuri ya tarehe 9611, pini za stepla na vibanio vya karatasi 8305, na gundi ya chupa ndogo 3506. Kila kichwa kina kiwango chake katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35. Ofisa anayekutana na neno moja linalofunika vitu kumi hawezi kujua atoze nini, kwa hiyo ataomba maelezo, atashuku thamani, na mwisho ataagiza kontena lifunguliwe na kukaguliwa katoni kwa katoni. Wakati huo tozo ya hifadhi inahesabiwa, na siku za bure za kontena zikiisha, mwenye meli anaanza kudai demareji, yaani tozo ya kulichelewesha kontena lake.

Mwambie muuzaji aandike kila bidhaa kwa mstari wake: jina, imetengenezwa kwa nini, idadi, bei ya moja na jumla. "Daftari la mistari, kurasa 96, jalada la karatasi ngumu" ni maelezo, "bidhaa mchanganyiko" si maelezo. Orodha ya vifungashio nayo ioane na ankara hadi katoni ya mwisho, ikiwa na uzito mtupu, uzito wa jumla na vipimo. Nimeshuhudia mzigo ukisimama wiki nzima kwa sababu ankara ilisema katoni 312 na orodha ikasema 321, na kumbe mtu alikosea kuchapa tarakimu.

Ukitaka kujua utalipa nini, chukua thamani ya bidhaa pamoja na nauli na bima. Tuseme jumla ni shilingi 10,000,000 na bidhaa iko katika ngazi ya asilimia 25. Ushuru ni 2,500,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haitozwi kwenye ile milioni 10 bali kwenye 12,500,000, nayo ni 2,250,000. Tayari ni 4,750,000, kabla ya tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari na ujira wa wakala. Wengi wanaokwama bandarini walikuwa na fedha za kununulia mzigo, za kuutoa hawakuzitenga.

Uliza pia, kabla meli haijaondoka, kama bidhaa zako zimo katika utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania wa kukagua ubora huko huko zinakotoka. Utaratibu huo ulianza mwaka 2012, na cheti chake cha ulinganifu hupatikana kwa urahisi mzigo ukiwa bado ghalani kwa muuzaji kuliko ukiwa Kurasini.

*Niliagiza rimu 3,000. Zilipofika, za safu ya juu zilikuwa zimejikunja kama mawimbi na zinakwama kwenye mashine za kunakilia. Muuzaji anasema zilitoka salama, mwenye meli anasema kontena halikuwa na kasoro. Mkosaji ni nani, na nitalipwa?*
Mwenye duka la kuchapa na kunakili, Ubungo

Pole sana, ndugu yangu. Swali lako limenirudisha kwenye ghala moja la Vingunguti, ambako nilisimama na mteja wangu tukifungua milango ya kontena la karatasi. Harufu ndiyo iliyotutangulia, ile ya boksi lililoloa na kukauka. Katoni za katikati zilikuwa kavu. Zile za juu zilikuwa na duara za rangi ya chai, na nilipoinua moja, kitako chake kilibaki mkononi mwangu huku rimu zikianguka. Tuliingia ndani, tukamwomba kijana wa ghala afunge milango kwa nje, na gizani tukaona juu ya vichwa vyetu nukta ya mwanga isiyozidi punje ya mchele. Maji yote yalikuwa yamepita hapo.

Kwa hiyo la kwanza, kontena lako lifanyiwe kipimo hicho hicho: ingia, fungiwa, tazama mwanga. Ukiona tundu, umepata ushahidi. Usipoliona, inawezekana kabisa kwamba mwenye meli anasema kweli na hata muuzaji anasema kweli, kwa sababu karatasi huweza kulowa ndani ya kontena lisilo na tundu lolote. Katoni, karatasi yenyewe na mbao za kupangia mzigo hubeba maji ndani yake. Mchana jua hulichemsha bati la kontena, maji yanageuka mvuke na kujaa hewani, usiku bati linapoa na mvuke unagota kwenye dari kisha kudondoka kama mvua juu ya safu ya juu. Sisi huliita jasho la kontena. Safu ya juu peke yake ikiharibika, bila tundu, hilo ndilo la kwanza kushuku.

Kinga yake haina gharama kubwa. Rimu ziwe zimefungwa kwa karatasi yenye utando wa plastiki, katoni zifunikwe juu kwa karatasi ngumu ya kaki itakayonyonya matone, na vifuko vya kunyonya unyevu vining'inizwe kwenye kuta. Mbao za kupangia ziwe kavu, na ziwe na mhuri wa kimataifa unaoonyesha zimepashwa moto hadi nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Mhuri huo ni kwa ajili ya wadudu, hauhakikishi kwamba mbao hazikuloa baadaye, kwa hiyo mwambie muuzaji akupigie picha ya mbao siku ya kupakia. Na hapa Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, ukifungua kontena usikimbilie kuchana rimu. Ziache zipoe ndani ya kifuniko chake kwa siku moja ghalani, zizoee hewa ya hapa.

Kuhusu malipo, kuna saa inayohesabu. Kwa kanuni zinazofuatwa na hati nyingi za shehena, yaani hati anazotoa mwenye meli kwa mzigo aliopokea, uharibifu usioonekana kwa nje unatakiwa utolewe taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 tangu upokee mzigo, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Andika kasoro kwenye karatasi ya kupokelea kabla ya kutia saini. Piga picha za lakiri, namba ya kontena, dari na safu za katoni zikiwa bado mahali pake, na umwite mkaguzi wa bima kabla hujahamisha kitu. Angalia pia hati yako ya shehena imeandika nini: fidia mara nyingi hukadiriwa kwa kila kifurushi kilichotajwa, na hati inayosema "katoni 600" inakulinda kuliko inayosema "chaga 15", yaani zile mbao zilizopangiwa katoni.

Hapo ndipo bima inapohitajika. Sheria ya Tanzania inataka mzigo unaoagizwa kutoka nje ukatiwe bima kwa kampuni iliyosajiliwa hapa nchini, kwa hiyo unaponunua, mwombe muuzaji bei ya bidhaa na nauli bila bima, kisha ukate bima hapa ambapo ofisi ya kudai unaweza kuifikia kwa daladala. Soma kama inagusa unyevu na jasho la kontena, maana bima nyembamba huviacha nje. Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika mfereji wa Suez kwa siku 6, na mwenye meli akatangaza hasara ya pamoja, utaratibu wa kale wa baharini ambao kila mwenye mzigo huchangia gharama za kuiokoa meli hata kama katoni zake hazikuguswa. Asiye na bima hutakiwa kuweka dhamana kwanza ndipo apewe mzigo wake. Rimu zako zinaweza kufika kavu kabisa na bado ukadaiwa.

Zile zilizojikunja usizitupe. Hazifai kwa mashine, lakini kwa kuandikia kwa mkono au kukatiwa vijitabu vya kumbukumbu zinatumika. Ziuze kwa bei ya chini ukimweleza mnunuzi hali yake, na uhifadhi hesabu ya mauzo hayo kwa ajili ya mkaguzi.

*Je, kuna vifaa vya ofisi visivyoruhusiwa kwenye kontena?*
Ofisa ununuzi, Posta

Vipo vinavyohitaji kutangazwa kama bidhaa za hatari. Wino mweupe wa kufutia makosa, ikiwa umetengenezwa kwa kiyeyusho kinachowaka, gundi ya kupuliza ya kopo, vimiminika vya kusafishia bodi na betri za lithiamu za kuchaji vyote vinaguswa na kanuni za kimataifa za bidhaa hatari baharini. Mwombe muuzaji karatasi ya taarifa za usalama ya kila kimiminika. Ukiona kuna wino wa kufutia uliotengenezwa kwa maji, nunua huo na umalize habari. Usimruhusu mtu avifiche katikati ya katoni za kalamu ili kukwepa ada. Moto ukiwaka melini hauna pa kukimbiliwa, na mabaharia ni watoto wa watu.

*Mheshimiwa, marafiki wa shule yetu walioko Uingereza wamekusanya madaftari, kalamu, vitabu na karatasi za nukta nundu kwa ajili ya wanafunzi wetu wasioona. Wanataka kututumia kwa meli. Kwa kuwa ni msaada, nadhani hatutalipa chochote. Je, ni sahihi?*
Mwalimu mkuu, Kigamboni

Mwalimu, nakuandikia kwa haraka ili barua hii ikufikie kabla hawajafunga maboksi. Msaada haufuti kodi wenyewe. Msamaha huombwa kwa maandishi, ukiambatanisha barua ya mtoaji, orodha ya vitu na thamani yake, na usajili wa shule, na unatakiwa uwe umeshughulikiwa kabla meli haijafika. Usikubali waandike thamani "sifuri": zawadi nayo ina thamani forodhani, na sifuri huamsha maswali. Vilevile gharama za bandari, wakala na usafiri hadi Kigamboni hazisamehewi na mtu. Waombeni marafiki hao waziweke katika bajeti yao ya msaada.

Vitenganishe vitu hivyo. Vitabu vilivyochapwa viko kwenye ngazi ya asilimia 0 ya ushuru wa Afrika Mashariki, lakini daftari tupu si kitabu, liko kwenye kichwa kingine chenye ushuru wake. Na madaftari yanatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam. Nauli ya kuleta daftari kutoka Uingereza, ukiongeza na gharama za kulitoa bandarini, inaweza kuzidi bei ya kulinunua hapa, na bado wanafunzi watalisubiri. Kwa maoni yangu, waambieni kwa upole watume fedha za madaftari na kalamu, na nafasi yote ya meli waipe karatasi za nukta nundu, mashine za kuziandikia na vitabu vya wasioona, ambavyo kuvipata hapa ni kazi.

Karatasi za nukta nundu ni nene na ngumu kuliko za kawaida, kwa hiyo zitakuwa nzito, na boksi lisizidi kilo 15 ili mtu mmoja aweze kulinyanyua. Vitabu vilivyokwisha kuandikwa kwa nukta visilazwe kwa kurundikwa wala kubanwa. Visimamishwe wima ndani ya boksi kama vinavyosimama kwenye rafu, kwa maana uzito ukizilalia nukta zinabapa, na kitabu kilichobapa mtoto hawezi kukisoma tena kwa vidole. Waandike hivyo kwa herufi kubwa pande zote nne za boksi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili na wapakuaji wetu wa hapa wasome.